Nilimchua mama mgongo miezi mitano, kumbe saratani ya titi imefika kwenye mifupa

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia usiku, mama amelala chumba cha pili na mimi nasikiliza akigeuka. Siku hizi kila akigeuka kitandani hutoa sauti ndogo, kama mtu anayenyanyua mzigo, kisha hunyamaza.

Mama ana miaka 63. Miaka tisa iliyopita alipatikana na saratani ya titi la kushoto. Titi likaondolewa pamoja na tezi za kwapani, na nakumbuka tuliambiwa tezi tatu zilikuwa zimeshaingiwa. Akamaliza tiba ya kemikali, akapigwa mionzi, akameza vidonge vya tamoksifeni kila siku kwa miaka mitano. Alipomeza kidonge cha mwisho tulisherehekea. Tukasema mama amepona, na mimi ndiye niliyesema kwa sauti kuliko wote.

Mapema mwaka huu alianza kulalamikia mgongo, huku chini karibu na kiuno. Ni mwalimu mstaafu, amesimama mbele ya ubao zaidi ya miaka thelathini, kwa hiyo tukasema huo ni uchovu wa miaka hiyo. Kazi ya kumchua ikawa yangu. Kwa miezi mitano, kila usiku, nilimkanda kwa kitambaa cha maji ya moto kisha nikamchua kwa mafuta, nikibonyeza kwa nguvu aliposema "hapo hapo." Mwanzoni alipata nafuu akalala. Baadaye nafuu ikawa haifiki hata usiku wa manane. Tukampeleka kupiga eksirei, tukaambiwa hakuna kitu cha kutisha. Maumivu yakaingia kwenye nyonga. Safari ya pili daktari mwingine alisoma faili lake la zamani, akaagiza kipimo kikubwa zaidi, na majibu yakatoka: kuna madoa kwenye pingili za mgongo, kwenye nyonga na kwenye mbavu mbili.

Daktari alimwita kaka yangu mkubwa pembeni, mama akiwa amekaa kwenye benchi. Kaka aliporudi alimwambia mama kwamba ni mifupa ya uzee inasagika. Sisi wengine alitupigia simu jioni: saratani imeingia kwenye mifupa, ni hatua ya nne, na mama asijue. "Mkimwambia mmemuua," ndivyo alivyosema. Mdogo wetu wa mwisho hakukubali, anasema mama ana haki ya kuujua mwili wake. Sasa hawa wawili hawasemezani. Mimi niko katikati, na ndiye ninayelala na mama.

Shangazi, mambo mawili yananinyima usingizi. La kwanza ni mikono yangu. Jirani mmoja, bila kujua habari zetu, aliwahi kusema kwamba ugonjwa wa namna hii ukichuliwa husambaa. Neno lile halijanitoka. Najiuliza kama si mimi niliyeisukuma saratani hadi kwenye nyonga na mbavu. Tangu majibu yatoke sijamgusa mgongo. Juzi akaniuliza, "Mwanangu, mbona siku hizi hunichui?" Nikamwambia mafuta yameisha. Chupa iko juu ya kabati, naye anaiona.

La pili ni hili la kumficha. Daktari anataka kuchukua kinyama kidogo kwenye mfupa wa nyonga kabla ya kuanza dawa, na zimebaki wiki mbili. Mama ameshauliza mara mbili ni uzee gani unaotaka sindano ya kwenye mfupa. Kaka anataka nimjibu kuwa ni utaratibu wa kawaida. Na mimi mwenyewe sielewi: titi lilishakatwa, sasa hii saratani ya mifupa imetoka wapi? Ni mpya, au ni ile ile? Nikinyamaza namdanganya mtu aliyenifundisha kusema kweli. Nikisema, halafu akavunjika moyo, kaka hatanisamehe na mimi sitajisamehe. Nifanyeje?

Binti wa pili

*

Marahaba, mwanangu.

Naanza na mikono yako, kwa sababu naona hata hilo swali la pili hutaweza kulibeba mpaka hili la kwanza likutue.

Hukuisambaza. Tazama kwanza mambo yalivyofuatana: mgongo uliuma, ndipo ukaanza kuchua. Maumivu yalitangulia mafuta. Ulichokuwa ukikichua ni jambo lililokwisha kuwapo, na seli zilizolileta ziliondoka kwenye titi miaka mingi nyuma, pengine hata kabla titi lenyewe halijakatwa. Zile tezi tatu za kwapani zilikuwa alama ya safari hiyo. Seli za saratani hujipenyeza kwenye mishipa ya limfu na ya damu, na ndani ya damu hubebwa kila mahali. Nyingi hufa njiani. Chache hufika mahali, zikatulia.

Mwaka 1889 daktari wa upasuaji wa Uingereza, Stephen Paget, alipitia kumbukumbu za wanawake 735 waliofariki kwa saratani ya matiti. Alitaka kujua kama ugonjwa huu unapotoka kwenye titi huangukia popote tu. Akaona sivyo, kuna sehemu unazozirudia mara nyingi mno na nyingine haugusi ila mara chache, ingawa damu inafika kote. Akaifananisha na mbegu za mmea: zinapeperushwa kila upande, ila zinaota kwenye udongo unaozikubali tu. Zaidi ya miaka mia moja baadaye wazo hilo bado limesimama, na kwa saratani ya matiti udongo wenyewe ni mfupa. Hakuna kiungo kingine cha mbali inachokifikia mara nyingi kuliko mifupa.

Hasa ni mifupa yenye uboho mwingi mwekundu: pingili za mgongo, nyonga, mbavu, fuvu, na sehemu za juu za mifupa ya paja na mkono. Linganisha orodha hiyo na majibu ya mama. Wewe ulikuwa ukimchua kiunoni, lakini madoa yako hadi kwenye mbavu. Hayakufuata mikono yako, yalifuata uboho. Huko damu ni nyingi na hupita polepole kwenye vijishipa vipana, na uboho wenyewe hutoa ishara za kuita seli za damu zirudi nyumbani. Seli za saratani ya titi hujua kuziitikia ishara hizo. Kuzunguka uti wa mgongo kuna pia mtandao wa vena, mishipa ya kurudisha damu moyoni, zisizo na vali, yaani vilango vya kuzuia damu isirudi nyuma, ambamo damu yaweza kwenda mbele au kurudi nyuma, nayo ni njia nyingine ya kufika kwenye pingili.

Zikishafika, zinaweza kulala. Hili ndilo linalowachanganya watu wengi waliosherehekea kama nyinyi. Saratani ya titi inayotegemea homoni, na kama mama alipewa tamoksifeni, dawa ya kuzuia homoni, basi karibu kwa hakika yake ilikuwa ya aina hiyo, inaweza kukaa kimya miaka mitano, kumi, hata ishirini, kisha ikaamka. Hakuna aliyekudanganya uliposema amepona, wala wewe hukumdanganya mtu. Vipimo havikuonyesha kitu kwa sababu hakikuwapo kitu kikubwa cha kuonekana.

Na zikiamka hufanya jambo ambalo nilipolielewa mara ya kwanza lilinisikitisha sana. Mifupa yetu hubomolewa na kujengwa upya maisha yote. Kuna seli za kubomoa na seli za kujenga, na kwa mtu mzima takriban sehemu moja kati ya kumi ya mifupa hufanywa upya kila mwaka. Seli ya saratani haiutafuni mfupa yenyewe. Hutoa kemikali zinazowachochea wale wabomoaji wa kawaida wazidishe kazi. Mfupa unapobomolewa, unaachia virutubisho vya ukuaji vilivyokuwa vimehifadhiwa ndani yake, saratani inavila, inakua, inachochea ubomoaji zaidi. Ni mzunguko, na mzunguko huo ndio unaomfanya mama atoe ile sauti ndogo anapogeuka. Habari njema ni kwamba zipo dawa zinazoukata hapo hapo kwa kuwatuliza wabomoaji, na nitazirudia.

Kwa hiyo swali lako, ni mpya au ni ile ile? Karibu kwa hakika ni ile ile. Watu husema "saratani ya mifupa," lakini seli hizo zikitazamwa kwa darubini ni seli za titi zinazoishi kwenye mfupa, na hutibiwa kama saratani ya titi. Ndiyo maana daktari anataka kinyama. Anataka kuthibitisha kwamba ndiyo yenyewe, na kuona kama bado inaitikia homoni kama zamani, maana katika miaka tisa tabia yake inaweza kuwa imebadilika, na dawa huchaguliwa kwa tabia hiyo.

Sitakuficha na upande wa pili. Miezi mitano ilikuwa mingi. Maumivu ya mfupa yanayozidi usiku, yasiyopungua kwa kupumzika, kwa mtu aliyewahi kuugua saratani ya matiti, ni ya kupelekwa kwa daktari mapema. Mngewahi, pengine mama angepata ahueni mapema. Lakini mlimpeleka, na eksirei haikuona, kwa sababu mfupa hulazimika kupoteza sehemu kubwa ya madini yake ndipo eksirei ya kawaida ionyeshe tundu. Wagonjwa wengi wenye historia kama yake wana maumivu ya mgongo yasiyohusiana kabisa na saratani. Hukuwa na njia ya kuyatofautisha kwa viganja vyako.

Sasa hili la kumwambia au kumficha.

Kama nimekuelewa, mmegawanyika kati ya kaka anayeamini ukweli utamuua mama na mdogo wenu anayeamini kunyamaza ni kumnyang'anya haki yake, na wewe umeachwa na kazi ya kujibu maswali usiku. Kabla ya kuchagua upande, naomba tuyatazame mambo mawili ambayo nyote watatu mmeyachukulia kuwa ya hakika.

La kwanza ni kwamba mama hajui. Una uhakika? Huyu ni mwanamke aliyelala wodini, aliyepoteza titi, aliyemeza kidonge siku zaidi ya elfu moja na mia nane akijua kwa nini anakimeza. Ameona mwanawe akiitwa pembeni. Ameona wanawe wawili wameacha kusemezana. Amekuuliza ni uzee gani unaotaka sindano. Chupa ya mafuta anaiona. Siwezi kusema anachokijua, lakini maswali yake hayafanani na ya mtu asiyeshuku kitu. Nimekaa miaka mingi na wagonjwa waliofichwa, na zaidi ya mara moja mgonjwa amenishika mkono akaniambia, "Watoto wangu wasijue kwamba najua."

La pili ni maneno "hatua ya nne." Kaka aliyapokea peke yake, amesimama kwenye korido, na nadhani aliyasikia kama tarehe ya mazishi. Yanamaanisha kwamba ugonjwa umefika mbali na titi, na kwamba kwa kawaida madaktari hawatarajii kuufuta kabisa. Ni kweli, na ni zito. Ila saratani ya titi iliyofika kwenye mifupa peke yake, hasa ile inayoitikia homoni, mara nyingi huenda taratibu kuliko iliyofika kwenye ini au mapafu, na wapo wengi wanaoishi nayo miaka. Zipo dawa za homoni tofauti na ile ya kwanza, zipo dawa mpya za vidonge zinazotolewa pamoja nazo, ipo mionzi ambayo hata kwa dozi moja inaweza kupunguza maumivu ya sehemu moja ya mfupa. Mwulizeni daktari ugonjwa umefika wapi pengine zaidi ya mifupa, au haujafika. Kaka alijibu hofu kabla ya kuuliza hilo, na simlaumu. Nani alimpa yeye muda wa kulia?

Njia ya kaka, kunyamaza, ina huruma ndani yake. Inampa mama usiku kadhaa bila jina la ugonjwa. Lakini pima gharama yake kwa mwili wake, tuachane na haki kidogo. Mfupa uliodhoofishwa unaweza kuvunjika kwa jambo dogo, na mtu anayeamini ana uzee tu atainama kubeba ndoo. Doa kwenye pingili linaweza kuja kubana neva kuu inayopita ndani ya uti wa mgongo. Miguu ikianza kulegea au kufa ganzi, mkojo au haja ukashindwa kuzuilika au kutoka, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo, kwa sababu saa zinazopotea zinaweza kuwa tofauti kati ya kutembea na kutotembea. Kiu isiyoisha, choo kigumu, usingizi mzito na kuchanganyikiwa huenda vikaashiria kwamba kalsiamu ya mifupa imemwagika kwenye damu, nayo hutibika ikigunduliwa. Asiyejua ugonjwa wake atasema miguu ni uchovu na kiu ni joto. Ukichagua kunyamaza, basi wewe ndiye utakayekuwa macho yake, mchana na usiku. Fikiria kama unaweza. Tena zile dawa za kukata mzunguko wa mfupa, kama asidi ya zoledroniki na denosumabu, mara chache huharibu mfupa wa taya, kwa hiyo kabla ya kuzianza mgonjwa hupelekwa kwanza kwa daktari wa meno. Utamwambia nini kuhusu meno? Uongo mmoja utaomba wa pili. Na siku moja ataingia chumba cha mionzi asome kibao mlangoni, au mhudumu ataropoka akidhani anajua.

Njia ya mdogo wenu, kumkalisha na kumwambia yote, inamheshimu. Nayo ina hatari zake. Habari ikimwagwa kwa mara moja, na watu wenye hasira kati yao, mama anaweza kusikia ugomvi wa wanawe kuliko ugonjwa wake. Siku za mwanzo anaweza kukataa kula, kukataa kipimo, kusema haendi tena hospitali. Huwa inatokea, na sikuahidi haitatokea kwake. Kuna pia wagonjwa ambao kwa kweli hawataki kujua, na hiyo nayo ni haki yao.

Kati ya hizo mbili kuna mlango ambao hamjaugusa: kumuuliza yeye anataka kujua kiasi gani. Kumuuliza bado hakujawa kumwambia. Anapokuuliza tena habari ya sindano, unaweza kukaa karibu naye na kusema, "Mama, wewe unafikiri ni nini?" Kisha unyamaze, hata kimya kikiwa kirefu. Au, "Majibu yakiwa na mambo mengi, ungependa daktari akueleze wewe, au amweleze mmoja wetu?" Akisema "malizaneni nyinyi na daktari," amewapa ruhusa, na hapo ukimya wenu hautakuwa tena wizi. Akisema "niambieni," utajua. Akijibu kitu cha katikati, kama watu wengi wanavyojibu, utamfuata kwa mwendo wake. Hatari ya njia hii ni kwamba ukishauliza huwezi kurudi nyuma, na lazima uwe tayari kwa jibu lolote, hata usiku wa manane mkiwa wawili tu. Kama hilo linakutisha, mwombe daktari au muuguzi amuulize yeye, nawe ukae pembeni. Kwa vyovyote vile, ile sindano ni ya mwili wake, na daktari atahitaji idhini yake, kwa hiyo wiki mbili zenu huenda zikaamua kabla yenu.

Kuhusu kaka, ningejaribu kumwona peke yake, bila mdogo wenu, na bila kubishana kuhusu kusema au kutosema. Muulize daktari alimwambia nini hasa, neno kwa neno. Pengine hajawahi kulirudia kwa mtu. Mwombe mrudi pamoja kwa daktari na maswali yameandikwa: ugonjwa umefika wapi, mfupa upi uko karibu kuvunjika, maumivu yatatulizwaje leo na siyo baada ya wiki mbili. Hilo la mwisho msilisubirishe. Mama asikae na maumivu kwa sababu nyinyi hamjakubaliana.

Na mafuta. Kubonyeza kwa nguvu mgongoni na nyonga uliacha, na usirudie, kwa sababu mfupa ulioliwa ndani unaweza kupasuka chini ya kiganja. Hiyo ndiyo sababu pekee. Kumgusa hakuna madhara. Muulize daktari sehemu zipi ziko salama, lakini viganja vya mikono na nyayo unaweza kuvipaka taratibu hata kesho jioni, bila kukandamiza. Akikuuliza tena mbona humchui mgongo, unaweza kumjibu kweli bila kusema yote: "Daktari anasema mgongo wako tuushike polepole, mama. Nipe miguu." Kisha ushushe ile chupa kabatini.

Niandikie ukishakaa naye.

Shangazi